Kusoma mvua ya zamani ndani ya mti: mwongozo wa pete za miti kwa watu wa Nakuru na magharibi mwa Kenya

Njoro, Elburgon na Molo bado kuna nguzo za ua za mtarakwa zilizochimbiwa ardhini enzi za walowezi, na mpaka leo ukizigonga zinalia kama chuma. Wengi huziona kuni za baadaye. Mimi huziona daftari. Ndani ya mti kila msimu wa mvua uliacha mstari wake: mpana mvua iliponyesha vizuri, mwembamba ilipokatika mapema. Mistari hiyo inaweza kurudi nyuma kuliko kipimamvua chochote tulicho nacho. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, na rekodi nyingi za mvua za ukanda huu zilianza baada ya hapo, kwenye stesheni, misheni na mashamba makubwa, tena zikiwa na mapengo. Mtu akiuliza kama kiangazi cha 1984 ni cha kawaida au huja mara moja kwa vizazi vitatu, miaka mia na kitu haitoshi kumjibu.

Nimeuandika mwongozo huu kwa mwalimu wa jiografia, mwanafunzi wa misitu, klabu ya mazingira, au mkulima anayependa kuweka kumbukumbu. Huhitaji maabara kubwa. Unahitaji msasa, lenzi, penseli, wenzako wawili watatu, na miaka mitatu. Miaka mitatu nimeitaja kwa makusudi, na sababu yake iko kwenye hatua ya tatu. Hiyo ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na wakiiruka kazi yote inayofuata inakuwa bure.

Kwetu mti haulazwi na baridi

Elimu hii ilianzishwa Arizona, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20. Aliyeianzisha, A. E. Douglass, alikuwa mtaalamu wa nyota aliyekuwa akitafuta athari za jua ndani ya misonobari. Kule kazi ni nyepesi kidogo kwa sababu majira ya baridi huulaza mti kila mwaka bila kukosa, na kila ukiamka unaanza pete mpya. Pete moja, mwaka mmoja.

Hapa Ikweta inapita Maseno na Mogotio, baridi ya kuulaza mti haipo. Mti wetu hulazwa na kiu. Kati ya gome na mbao kuna ngozi nyembamba sana, kambiamu, ambayo ndiyo inayojenga mbao mpya. Maji yakiwepo inajenga, yakiisha inasimama. Kwa hiyo swali la kwanza si mti huu una pete ngapi, bali mti huu hulala mara ngapi kwa mwaka.

Jibu hubadilika ukisafiri saa chache tu kwa matatu. Nakuru na Njoro huwa na kiangazi cha kueleweka kuanzia Desemba mpaka Machi, halafu masika ya Aprili na Mei, halafu mvua ya Agosti, na miaka mingine vuli huongezeka mwishoni. Kambiamu ina nafasi nzuri ya kulala mara moja. Ukienda mashariki, Machakos na Kitui, masika na vuli vimeachana kabisa, na mti unaweza kuweka pete mbili ndani ya mwaka mmoja. Ukienda Kakamega, mvua inakaribia milimita 2,000 kwa mwaka na miezi mikavu ni michache, mti unaweza kusinzia tu bila kulala, na pete zikawa hafifu au zisionekane kabisa. Kisumu iko katikati ya hali hizo. Ndiyo maana nashauri anayeanza aanzie upande wa Nakuru, hata kama nyumbani kwake ni Kakamega.

Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba miti ya nchi za joto haina pete za kuaminika. Si kweli. Mwaka 1931 H. P. Berlage alichapisha mfuatano wa pete za msaji wa Java unaorudi nyuma hadi 1514. Zimbabwe, watafiti wamejenga upya mvua ya 1796 hadi 1996 kwa kutumia mninga. Ethiopia wameonyesha kwamba mtarakwa, mti uleule wa Mau na Eburu, unafuata mvua. Kinachotakiwa ni kuuhoji kila mti mahali pake badala ya kubeba majibu ya Arizona na kuyabandika Njoro.

Hatua ya 1: Chagua mti unaoona kiu

Anza na mtarakwa, Juniperus procera. Ni mbao iliyowahi kusafirishwa nje kutengenezea penseli, na ukiikata utajua mara moja kwa harufu. Pete zake huonekana hata kwa jicho, huishi miaka mingi, na haiozi upesi, kwa hiyo nguzo na mabanzi ya zamani yanaweza kurefusha historia kupita umri wa miti iliyosimama leo. Una kasoro zake: miti mikubwa mara nyingi imeoza kiini, na shina huwa na mikunjo kiasi kwamba pete hupotea upande mmoja. Nitarudi kwenye hilo.

Mgunga wa sehemu kavu, kama ule wa kuteremkia Baringo, ni wa pili. Utafiti uliofanywa kwenye migunga ya Kenya miaka ya 1990 ulionyesha kwamba mpaka wa pete ni mstari mwembamba wa tishu laini wenye fuwele ndogondogo. Hauonekani kirahisi. Lowesha mbao kidogo, au isugue kwa chaki nyeupe ili vitundu vijae na mistari ijitokeze.

Mahali mti uliposimama ni muhimu sawa na aina yake. Mti wa bondeni, kando ya mto, mizizi ndani ya maji, hunenepa mwaka wa neema na mwaka wa njaa vilevile, kwa hiyo hauna habari ya kukupa. Tafuta mti wa mgongoni mwa kilima, udongo mchache, mwamba karibu. Huo ndio unaohisi wiki tatu za mvua zilizokosekana.

Wengi huniuliza kuhusu migunga ya manjano ya Ziwa Nakuru, ile iliyosimama imekufa ndani ya maji baada ya ziwa kupanda kuanzia takriban 2010. Inavutia sana, lakini mti ule hunywa maji ya chini ya ardhi, hivyo pete zake zitazungumzia zaidi ziwa kuliko mawingu. Kwa anayetaka historia ya ziwa ni hazina. Kwa anayetaka mvua ni mtego.

Achana na mkaratusi kwa kazi hii. Saipresi ya shamba lenye mwaka wa kupandwa unaojulikana tumia kwa mazoezi tu.

Hatua ya 2: Omba ruhusa kabla hujagusa gome

Msitu wa serikali una Huduma ya Misitu ya Kenya, na utafiti rasmi unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Zungumza pia na chama cha jamii cha msitu husika, kwa sababu wao ndio watakaokuona na kekee begani. Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, ina vituo Londiani na Maseno, na watu wa huko wanaijua miti kwa majina yake yote. Ndani ya hifadhi ya wanyama usiguse chochote bila kibali maalumu.

Shambani kwa mtu, mwenye shamba ndiye serikali. Eleza unachotaka, onyesha ukubwa wa tundu, kaa unywe chai. Na kuna miti ambayo hata ukiruhusiwa usiitoboe. Uluhyani murembe ni mti wa amani na viapo, kwa Wakikuyu mugumo ni mahali pa ibada. Usimlazimishe mzee akukatalie.

Hatua ya 3: Thibitisha pete ni mwaka

Hapa ndipo penye kazi. Ziko njia nne, na ninakushauri utumie angalau mbili.

Ya kwanza ni msumari au kisu. Mfaransa Alain Mariaux aliieleza mwaka 1967 kwa miti ya Afrika: unafungua kidirisha kidogo kwenye gome mpaka ufikie kambiamu, si kipana kuliko ukucha wa kidole gumba, kisha unaandika tarehe. Mti huziba jeraha na kuacha kovu ndani ya mbao. Mwaka ukiisha unafungua kidirisha kingine pembeni, sentimita kumi kando, usiweke juu wala chini ya kile cha kwanza. Baada ya miaka mitatu unachukua kipande kidogo kwa patasi mahali pa makovu, unakipiga msasa, na unahesabu: kati ya kovu la Januari mwaka wa kwanza na kovu la Januari mwaka wa pili kuna pete ngapi? Ikiwa ni moja, na moja tena mwaka unaofuata, kwenye miti mitano au sita, una haki ya kusema pete ni mwaka. Ikiwa ni mbili, umejifunza kitu cha thamani vilevile. Msumari mwembamba wa milimita moja hufanya kazi hiyohiyo kwa jeraha dogo zaidi: upige mpaka uguse mbao, uung'oe, upake rangi mahali pake. Fanya hivyo katikati ya kiangazi. Nimeona watu wakifanya mwezi wa Mei, mti ukiwa katikati ya kujenga pete, halafu hawawezi kusema kovu liko mwanzo au mwisho wa mwaka.

Ya pili ni mkanda wa kupima unene. Chukua utepe wa chuma kama ule unaofungia mzigo wa mabati, uzungushe kwenye shina, ncha zake uziunganishe kwa springi, kisha uchore alama mbili ambazo zitaachana mti ukinenepa. Soma kila Jumamosi, andika na mvua ya wiki hiyo. Miezi ya mwanzo itupe, mkanda bado unakaa sawa. Ujihadhari na jambo moja: mvua ya kwanza baada ya kiangazi, mti huvimba ndani ya siku mbili. Huko si kukua, ni gome linalokunywa maji kama sifongo. Ukuaji wa kweli ni ule usiorudi nyuma jua likiwaka tena.

Ya tatu ni kumbukumbu za watu, na hii ndiyo iliyonifundisha zaidi. Kuna shosho mmoja upande wa Njoro ambaye upepo ulimwangushia mtarakwa Januari 2019. Nikamuuliza, "Shosho, mti huu ulipandwa lini?" Akanijibu bila kufikiri, "Mwanangu, kifungua mimba wangu alikuwa anaingia darasa la kwanza. Mvua ilikuwa imeanza." Tukapiga hesabu pamoja: 1986. Tulikata kisahani, yaani kipande cha mviringo cha shina, karibu kabisa na ardhi, kwa sababu kwenye kimo cha kifua cha mtu pete huwa chache kuliko umri, mche huchukua muda kufika huko. Nilitarajia pete 33, au 34 ikiwa mche ulitoka kitaluni na mwaka wake mmoja.

Upande wa kaskazini nilihesabu 37. Upande wa pili, 31.

Nilikaa na kisahani kile siku mbili. Kwenye 37 kulikuwa na pete za uongo: mti ulikutana na ukame wa wiki kadhaa katikati ya msimu, ukapunguza mwendo, mvua ikarudi, ukaendelea. Ukitazama kwa lenzi ya mara kumi utaziona ni tofauti. Pete ya kweli hukolea pole pole kisha hukatika ghafla, kama ukingo wa kitambaa kilichokunjwa. Ya uongo hukolea pole pole na kufifia pole pole, haina ukingo mkali upande wowote. Kwenye 31, pete nne zilikuwa zimeungana ndani ya mkunjo wa shina mpaka zikaonekana moja. Njia ya kuzipata ni kuweka ncha ya penseli kwenye mstari mmoja na kuufuata kuzunguka kisahani chote bila kuinua mkono. Mstari wa kweli unazunguka na kurudi ulipoanzia. Wa uongo hukupotelea njiani. Nilipomaliza nilikuwa na 34 pande zote. Tangu hapo simfundishi mtu kwa vijiti vya sampuli, vile vyembamba vinavyotolewa shinani kwa kekee, kabla hajashika kisahani kizima.

Ya nne ni ya gharama. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 yaliongeza sana kaboni-14 hewani. Kiasi kilifika kilele katikati ya miaka ya 1960, kisha kikaanza kushuka baada ya mkataba wa 1963 kusimamisha majaribio mengi ya hewani. Kila mti duniani uliokuwa hai uliivuta hewa hiyo. Ukipeleka maabara vipande vya pete unazodhani ni za 1960, 1965 na 1975, kiasi cha kaboni kitakuambia umekosea kwa miaka mingapi. Ikiwa chuo chako kinaweza kugharimia vipimo vitatu tu, tumia hivyo vitatu.

Hatua ya 4: Chukua sampuli

Kekee ya sampuli ni bomba jembamba la chuma lenye meno ya skrubu mbele, la milimita tano hivi kwa ndani. Unalizungusha kwa mikono mpaka lifike kwenye kiini, unaingiza kijiko chake, unalirudisha nyuma kidogo, unavuta kijiti. Ni ghali, na vyuo vyenye idara ya misitu huwa navyo, kwa hiyo tafuta wa kushirikiana naye. Mtarakwa ni mbao nyepesi kwake. Mgunga ni adui yake, nimeona ncha ikivunjikia ndani, na kwa mgunga ni afadhali kisahani cha mti ulioanguka wenyewe.

Toboa kwenye kimo cha kifua, mita 1.3. Kwenye mteremko toboa kwa kufuata mstari wa usawa, kushoto na kulia, usitoboe upande wa juu wala wa chini, kwa sababu mti wa jamii ya misonobari hujenga mbao nene upande wa bondeni ili usianguke, na unene huo hauhusiani na mvua. Vijiti viwili kwa kila mti, miti ishirini ukiweza. Safisha bomba kwa spiriti kabla ya kwenda mti mwingine ili usihamishe ugonjwa.

Ingiza kijiti ndani ya mrija wa karatasi na uandike hapohapo: mahali, namba ya mti, upande, tarehe. Usiseme utaandika ukifika nyumbani.

Nguzo na mabanzi ya zamani yanahitaji uangalifu wa aina yake. Mafundi walikuwa wakichonga na kuondoa gome pamoja na mbao nyeupe ya nje, wakabakiza kiini chekundu kinachodumu. Maana yake pete ya mwisho unayoiona si mwaka mti ulipokatwa. Nguzo kama hiyo haina tarehe mpaka uilinganishe na miti hai.

Hatua ya 5: Msasa, tena msasa

Kausha vijiti kivulini wiki moja au mbili. Mwambie fundi akutengenezee vipande vya mbao vyenye mfereji, gundisha kijiti humo nyuzi zake zikiwa zimesimama wima. Ukizilaza, hutaona chochote hata upige msasa mwezi mzima. Hili ndilo kosa la kila anayeanza.

Anza na msasa namba 80, panda 120, 220, 320, 400, malizia 600. Usiruke namba, kwa sababu mikwaruzo ya 80 haiondolewi na 400. Pangusa vumbi kila unapobadilisha. Utajua umefika pale mbao inapong'aa ukiielekeza kwenye dirisha na mistari ikaonekana kama imechorwa kwa kalamu.

Hatua ya 6: Hesabu kutoka gomeni, kisha linganisha

Anzia nje, mwaka unaoujua, urudi ndani. Weka nukta moja kila muongo, mbili kila miaka hamsini, tatu kila karne. Njoro mti huanza kujenga masika na kupumzika kiangazi, hivyo pete moja inaingia vizuri ndani ya mwaka wa kalenda.

Sasa kulinganisha. Chukua ukanda wa karatasi ya miraba, kila mraba mwaka. Pete ikiwa nyembamba kuliko jirani zake chora mstari mrefu kwenda juu, kadiri ilivyo nyembamba ndivyo mstari unavyorefuka. Pete za kawaida acha wazi. Fanya ukanda kwa kila kijiti, kisha telezesha ukanda mmoja chini ya mwingine mpaka mistari mirefu ikutane. Miti iliyoonja mvua ileile itakuwa na mpangilio uleule. Mti mmoja ukiwa sawa na wenzake mpaka 1978, halafu ukatangulia kwa mwaka mmoja kuanzia hapo kurudi nyuma, umekosa au umezidisha pete karibu na 1978. Rudi kwenye lenzi utafute palepale.

Hapa kuna kishawishi kinachoharibu kazi nyingi. Sote tunajua vuli ya 1961 ilikuwa mafuriko, kwamba 1984 kulikuwa na kiangazi kikali, kwamba El Niño ilituletea gharika mwishoni mwa 1997. Ukikuta pete pana karibu na 1961 utatamani kuisogeza ikae hapo. Usifanye. Ukiitumia 1961 kupanga tarehe, huwezi tena kusimama mbele ya watu na kusema pete zako zimethibitisha mvua ya 1961. Miti ipangane yenyewe kwa yenyewe kwanza. Kalenda ya binadamu ije baadaye, iwe hakimu.

Hatua ya 7: Pima

Kama una skana ya kawaida, piga picha kwa nukta 1,200 kwa inchi. Kila nukta itakuwa karibu milimita 0.02, inatosha kabisa kwa mtarakwa. Kuna programu za bure za kupimia na kukagua. COFECHA, iliyoandikwa na Richard Holmes na kutolewa 1983, hukagua kama kila kijiti kinaendana na wenzake, na dplR hufanya kazi hiyo na nyingine nyingi ndani ya R, programu ya takwimu. Zinakuonyesha penye shaka. Haziamui, unaamua wewe na lenzi yako.

Mti mchanga hunenepa upesi, mzee pole pole, hata mvua ikiwa ileile. Ili umri usijifanye mvua, chora mkunjo laini wa ukuaji uliotarajiwa kwa kila mti na ugawe kipimo cha kila mwaka kwa kilichotarajiwa. Pete ya milimita 1.0 palipotarajiwa 2.0 inakuwa 0.5: mwaka mbaya. Kisha chukua wastani wa miti yote. Wastani huo ndio sauti ya pamoja, na visa vya mti mmoja mmoja, ng'ombe aliyebambua gome au jirani aliyekatwa na kuachia mwanga, vinamezwa humo.

Hatua ya 8: Uliza ni mvua ya miezi gani

Tafuta rekodi za mvua. Idara ya Hali ya Hewa inazo, vyuo kama Egerton vina vituo, na baadhi ya familia za Njoro na Molo zina madaftari ya mvua yaliyoandikwa kila asubuhi kwa miongo. Madaftari hayo ni mali. Yapige picha kabla mchwa hawajayafikia. Kwa miaka ya kuanzia 1981 kuna pia data ya bure ya CHIRPS inayochanganya setilaiti na vituo, nzuri ya kuzibia mapengo.

Linganisha pete na mvua ya kila mwezi, pamoja na miezi ya mwaka uliotangulia, maana mti hutumia akiba ya jana. Usishangae ukikuta mti hauijali jumla ya mwaka bali masika peke yake, au urefu wa kiangazi.

Halafu gawa miaka yako mara mbili. Tengeneza mlinganyo kwa kutumia nusu moja, tuseme 1991 hadi 2020, ujaribu kama unabashiri mvua ya 1961 hadi 1990. Kisha geuza. Ukifaulu pande zote mbili unaweza kuupeleka mlinganyo nyuma kwenye miaka isiyo na kipimamvua. Na uwaambie watu kipimo chake kwa uwazi. Uwiano wa 0.6 kati ya pete na mvua unasikika mkubwa, lakini 0.6 mara 0.6 ni 0.36: pete zako zimeeleza kama theluthi moja ya kupanda na kushuka kwa mvua, sehemu iliyobaki zimenyamaza. Kadiri unavyorudi nyuma miti inapungua, na shaka inaongezeka. Chora shaka hiyo kwenye grafu, usiifiche.

Kwa Kakamega, ambako unene hausemi mengi, kuna njia ya kupima oksijeni ndani ya nyuzi za mbao, kwa sababu katika nchi za joto mvua ikiwa nyingi, maji yake huwa na kiasi kidogo zaidi cha oksijeni nzito. Inataka maabara, lakini kwa msitu ule naamini ndiyo njia yenye matumaini.

Hatua ya 9: Pata shahidi asiye mti

Ziwa Victoria ni kipimamvua kikubwa kuliko vyote, maana sehemu kubwa ya maji yake huangukia ziwani moja kwa moja kutoka mawinguni. Vipimo vyake vya Jinja vinaanzia mwishoni mwa karne ya 19, na kati ya 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita 2. Weka mkunjo wako karibu na mkunjo wa ziwa. Havitafanana kila mwaka, Njoro si Kisumu, lakini miongo mikavu na miongo ya neema ikipingana kabisa, rudi hatua ya tatu.

Shahidi mwingine ni wazee. Njaa za zamani zilipewa majina, na majina hayo yamefungamana na marika, ndoa na vizazi. Waulize kabla ya kuwaonyesha grafu, kwa sababu mzee mwenye heshima anaweza kukubaliana nawe kwa adabu tu.

Hatua ya 10: Rudisha, kisha hifadhi

Mpe mwenye shamba nakala ya ulichokipata kwenye mti wake. Shosho wa Njoro tulimrudishia nusu ya kisahani kikiwa kimepakwa vanishi, nukta za miongo zikiwa juu yake, na pete ya mwaka aliotutajia ikiwa imechorwa kwa wino mwekundu. Aliigusa kwa kidole, akahesabu mwenyewe kwenda nje, akasimama kwenye pete nyembamba na kusema, "Huu ndio mwaka tuliouza ng'ombe." Ilikuwa 2000.

Nusu nyingine ipo kabatini, juu ya rafu, mbali na ukuta wenye unyevu. Vipimo vikishakaguliwa vinaweza kupelekwa kwenye hazina ya kimataifa ya pete za miti iliyoanzishwa 1974, ambako mtafiti wa Ethiopia au Zimbabwe atavilinganisha na vyake. Kijiti chenyewe usikitupe baada ya kukipima, kwa sababu atakayekuja na njia mpya ya kupima atahitaji mbao, si namba. Lebo andika kwa penseli, mara mbili: moja kwenye mbao, nyingine kwenye bahasha.